Kioo Cheusi, Chaji Haiingii: Pa Kuanzia Kabla Hujanunua Kifaa Kipya

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta yake mpakato wakati wa kusahihisha mitihani, kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa kioo kimekufa, na kipya ni nusu ya mshahara wangu. Nimekuja kusikia kama kuna nafuu."

Niliiwasha. Feni ikazunguka, taa ya pembeni ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii. Nikabonyeza kitufe cha Caps Lock mara tatu. Taa yake haikuwaka hata mara moja. Hapo nikaacha kabisa habari ya kioo. Laptopu iliyokwisha kuamka huitikia Caps Lock hata kama kioo chake kimepasuka vipande, na hii ilikuwa haijaamka. Nilifungua mfuniko wa chini, nikachomoa waya wa betri, nikatoa ramu (kadi ya kumbukumbu ya kazi), nikafuta meno yake kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, nikairudisha mpaka vibanio vikalia. Ikawaka. Unyevu wa pwani ulikuwa umeweka utando kwenye yale meno, na mwalimu alikuwa karibu kununua kioo asichokihitaji.

Mambo ya namna hii nayaona mara kwa mara, na yananiuma, kwa sababu anayelipia kosa ni mwenye mashine. Kioo na betri hulaumiwa kwanza kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Lakini kati ya soketi ya ukutani na betri kuna vituo vingi, na kati ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na kioo vipo vingine, na chochote kati ya hivyo chaweza kuwa ndicho chenye ugonjwa. Vipimo vingi nitakavyoeleza vinahitaji tochi ya simu, televisheni ya sebuleni na subira.

Ina uhai au haina?

Anza na swali hili, kwa sababu watu husema "kioo hakiwaki" wakimaanisha mambo matatu tofauti.

Kama hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio wowote, ruka moja kwa moja kwenye habari za chaji huko chini. Hilo ni tatizo la umeme, kioo hakihusiki.

Kama feni inazunguka na taa zinawaka lakini Caps Lock haiitikii, mashine haijaamka. Izime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Chomoa chaja. Kama betri yake hutoka kwa nje, itoe. Kama imefichwa ndani, angalia chini ya mashine: baadhi zina kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa pini ya karatasi kwa sekunde chache ili kuikata betri. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, urudishe chaja peke yake, ujaribu. Umeme uliobaki kwenye kapasita unaisha, na kile kichipu kinachosimamia kuwasha, kuchaji na feni kinaanza upya. Dawa hii hii hufufua laptopu nyingi zilizogoma kupokea chaji.

Isipoitikia, fuata ramu. Ikiwa na ramu mbili, jaribu moja moja, kila moja katika kila tundu. Ikiwa ramu yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi, kama ilivyo kwa laptopu nyingi nyembamba, njia hii huna. Sikiliza pia milio, au hesabu namna taa inavyomweka: Dell na HP, kwa mfano, huweka mpangilio maalumu wa kumweka kwa kila aina ya hitilafu, na kitabu cha modeli yako kinaeleza maana yake. Na ukibadilisha ramu kwenye mashine ya DDR5 (kizazi kipya cha ramu), kuwashwa kwa mara ya kwanza kwaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi. Iache. Wengi huizima hapo wakidhani wameiharibu.

Kundi la tatu ni lile ambalo Caps Lock inaitikia, au unasikia mlio wa Windows kufunguka, lakini huoni kitu. Hapo sasa tuongee habari za kioo.

Imeamka lakini huoni kitu

Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha, yaani programu inayoendesha sehemu ya picha, huanza upya, na ikiwa hiyo ndiyo iliyokwama, kioo kitarudi baada ya sekunde moja au mbili. Ongeza mwanga kwa vitufe vya mwanga. Kama juzi ulitumia projekta kanisani au ofisini, bonyeza Windows na P, maana huenda mashine bado inapeleka picha nje.

Kisha chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni. Picha ikitokea huko, mazabodi, ramu na diski vyote ni vizima. Kabla ya jambo lingine lolote, nakili faili zako kwenye diski ya nje saa hiyo hiyo. Nimewaona wanafunzi wakihangaikia kioo wiki nzima na kuisahau tasnifu iliyo ndani, kumbe televisheni ya jirani ingetosha kuitoa.

Baada ya hapo, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, iegemeze karibu sana na kioo kwa mshazari na uchungulie. Ukiona picha hafifu, kama kivuli cha maandishi, basi kioo kinachora picha vizuri. Kilichokosekana ni taa ya nyuma. Hii ni habari njema kwa kiasi, kwa sababu tatizo laweza kuwa fyuzi ndogo kuliko punje ya mchele iliyo kwenye mazabodi, au waya wa kioo. Kwa kioo cha OLED kipimo hiki hakifai. Kila nukta yake hujiwashia mwanga yenyewe, haina taa ya nyuma.

Hiyo fyuzi naijua kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha kioo cha mteja bila kuchomoa kwanza waya wa betri. Kioo kipya kikawa cheusi, nikadhani nimeuziwa kibovu. Ukweli ni kwamba umeme wa taa ya nyuma hupita kwenye plagi ileile ya kioo, na kwa kuichomoa ikiwa na umeme nilikuwa nimegusanisha miguu yake na kuikata fyuzi. Nililazimika kulehemu nyingine kwa gharama yangu. Kuzima mashine hakutoshi. Betri ichomolewe kabla hujagusa waya wa kioo, na ukimkabidhi fundi kazi hiyo, mwombe afanye hivyo mbele yako.

Waya wa kioo unastahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotazamwa. Unapita kwenye bawaba, na kila unapofunua na kufunika mfuniko unajikunja. Dalili yake ni hii: kioo kinawaka mfuniko ukiwa nusu, kinazima ukiufungua zaidi, au kinacheza unapoutikisa. Bawaba iliyokaza sana ndiyo huuma waya, kwa hiyo ukibadilisha waya na kuacha bawaba ilivyo, utarudi baada ya muda mfupi. Waya ni wa bei ndogo ukilinganisha na kioo, na kwa laptopu nyingi unabadilika bila kulehemu chochote.

Jambo dogo linalosumbua watu wenye mashine nzima kabisa: sumaku. Laptopu hutambua kwamba mfuniko umefungwa kwa kuhisi sumaku iliyo ukingoni mwake. Ukiiweka juu ya laptopu nyingine, au ukilaza juu ya kibodi simu yenye kasha la sumaku, yaweza kuamini kwamba imefungwa na kulala ghafla. Hata bangili yenye sumaku hufanya hivyo.

Mistari, rangi na kumetameta

Kwa mistari, piga picha ya skrini kwa kutumia mashine yenyewe, Windows na Print Screen, kisha uitume kwenye simu. Kama mistari haimo kwenye picha hiyo, imetokea baada ya kompyuta kumaliza kuchora: waya au kioo. Kama imo, tafuta draiva au chipu ya picha. Televisheni pia itakupa jibu hilo hilo. Ukitaka uhakika zaidi, ingia kwenye mipangilio ya baiosi, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, kabla Windows haijafunguka. Mistari inayoonekana hata huko haiponi kwa kuweka Windows upya, na usikubali kulipishwa kazi hiyo.

Mstari mmoja mwembamba wima, wa rangi ileile siku zote, usiobadilika ukitikisa mfuniko, ni wa kioo chenyewe. Viunganishi vilivyogandishwa ukingoni mwa kioo vimeachia, na hakuna fundi wa mtaani atakayevigandisha vikadumu. Doa jeusi linaloenea kama wino ni kioo kilichopasuka kwa ndani.

Kwa kumetameta, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc. Kama kila kitu kinameta pamoja na dirisha hilo, shuku draiva ya picha. Kama vingine vinameta lakini Task Manager imetulia, ni programu fulani. Na kama mwanga unapanda na kushuka ukiwa kwenye betri tu, si ugonjwa: kuna mipangilio ya kuokoa betri inayopunguza mwanga kulingana na picha iliyopo, na waweza kuizima.

Ukifika mahali pa kununua kioo kweli, usiende Kariakoo na jina la laptopu peke yake. Modeli moja hutoka na vioo zaidi ya kimoja. Soma namba iliyo nyuma ya kioo chenyewe, hesabu pini za plagi, 30 au 40, na uangalie ukubwa wa picha, 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Pini zikitofautiana, kioo hakiwaki.

Chaji haiingii

Anza ukutani, hata kama inaonekana ni jambo la kitoto. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Acha kutumia ekstensheni. Waya ule unaotoka ukutani kwenda kwenye kiboksi cha chaja huchomoka kwenye kiboksi, na mara nyingi ndio uliokatika ndani karibu na plagi. Azima wa mwenzako ujaribu kabla ya kununua chaja nzima.

Soma maandishi ya kiboksi. Karibu chaja zote huandika kwamba zinapokea volti 100 hadi 240. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, kwa hiyo umeme ukishuka hadi 170, friji itateseka lakini chaja ya laptopu itaendelea na kazi. Kinachoiua ni mruko wa ghafla, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri dakika chache utulie.

Upande wa kutoa ndio unaokosewa zaidi. Volti lazima zilingane na za mashine. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Chaja ya wati 65 ya Lenovo huandikwa volti 20 na ampea 3.25, ya HP huandikwa 19.5 na 3.33. Chaja ya wati 45 kwenye mashine ya wati 65 au 90 hufanya mambo ya kutatanisha: laptopu inawaka, lakini betri inachaji ikiwa imezimwa tu, au inashuka taratibu ukiwa unaitumia. Watu wengi wamebadilisha betri kwa dalili hii.

Halafu kuna chaja isiyotambuliwa. Dell na HP za kichwa cha mviringo zina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haipeleki nguvu. Inapeleka utambulisho, inaiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Ikipinda, ikivunjika, au waya wake ukikatika ndani, laptopu inawaka kama kawaida, inakwenda polepole, na betri haichaji hata kidogo. Baadhi hukuandikia wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haikutambulika. Multimita itaonyesha volti 19.5 safi na utaapa kwamba chaja ni nzima, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kujaribu chaja nyingine ya aina ileile. Ikigoma pia, hamia kwenye tundu la chaji.

Tundu nalo lina lugha yake. Ukigusa kichwa cha chaja na taa ikazima na kuwaka, limelegea. Kwa laptopu nyingi tundu liko kwenye waya wake mfupi unaochomekwa kwenye mazabodi, na kulibadilisha ni kazi ya bisibisi. Kwa nyingine limelehemiwa kwenye mazabodi, na hapo linahitaji mkono uliozoea. Usiendelee kutumia tundu lililolegea kwa kuliegemeza kitabu. Linapotoa cheche linapata joto, na joto hilo huyeyusha plastiki na kuharibu njia za mazabodi.

Kwa USB-C mambo ni mengine. Si kila tundu la USB-C hupokea chaji, hata kwenye mashine moja. Tafuta alama ya plagi au ya radi pembeni yake. Chaja ya simu ya wati 20 haitoshi laptopu nyingi. Waya nao una kikomo: wa kawaida hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na ukitaka wati 100 lazima uwe waya wa ampea 5. Ndani ya tundu hujaa vumbi la mfukoni na la begi. Zima mashine, ulitoe kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si kwa sindano.

Kuna swali ninaloulizwa sana na akina mama wanaofanyia kazi nyumbani: mbona nikichaji, mwili wa laptopu unanitekenya mkononi, na mshale kwenye kioo unarukaruka? Mara nyingi chanzo ni kukosa ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Chaja ina kapasita ndogo ya kuchuja kelele za umeme, na kiasi kidogo sana kinachovuja hutakiwa kwenda ardhini. Ukichomeka plagi ya miguu mitatu kwenye adapta ya miguu miwili, au nyumba ikiwa haina ethi iliyo hai, kiasi hicho hukaa kwenye chuma cha mashine na kukuvurugia pia kipanguso, ile sehemu ya kuongozea mshale kwa kidole. Ondoa adapta, na ikiendelea, ita fundi umeme apime ethi ya nyumba. Lakini ukipigwa kweli, siyo kutekenywa, acha kuitumia chaja hiyo mara moja.

Betri yenyewe

Ikisimama asilimia 60 au 80 na kukataa kupanda, usiogope bado. Lenovo, ASUS na wengineo wana mpangilio wa kulinda betri unaoisimamisha hapo makusudi, na mashine za mtumba zilizotoka maofisini ng'ambo zaweza kuja na mpangilio huo ukiwa umewashwa. Utaupata kwenye programu ya mtengenezaji au ndani ya baiosi. Joto nalo husimamisha chaji: betri ikipita takriban nyuzi 45, mashine nyingi huizuia hadi ipoe. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro, mchana wa Januari, hufika huko kwa urahisi.

Kujua afya yake, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utaambiwa ripoti imehifadhiwa wapi, ifungue. Linganisha namba mbili: uwezo iliotengenezwa nao na uwezo inaofikia leo ikijaa. Kama iliundwa na 41,000 na leo inajaa kwa 17,000, imebaki asilimia 41, na hakuna mpangilio wala programu itakayoirudisha. Betri nyingi hustahimili mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kudhoofika waziwazi.

Ikiwa namba ni nzuri lakini inaruka kutoka asilimia 30 hadi kuzima, huenda kipimo chake kimepoteza hesabu. Ichaji hadi ijae, iache saa mbili kwenye chaja, itumie hadi karibu asilimia 5, kisha ichaji bila kukatiza. Ikiruka tena, seli moja imechoka, na moja hiyo inatosha kuiangusha pakiti nzima.

Betri iliyokaa kabatini miezi mingi ikiwa tupu yaweza kushuka chini ya kiwango ambacho chipu yake ya ulinzi inakubali. Zima mashine, iache kwenye chaja saa kadhaa. Isipoamka, nunua nyingine. Wapo wanaoishtua kwa waya moja kwa moja kwenye seli. Nawasihi msikubali, kwa sababu chipu imeifunga kwa usalama wenu.

Na kabla ya yote hayo, itazame. Laza laptopu mezani palipo sawa. Ikiyumba, kipanguso kikiwa kimeinuka au hakibonyezeki, au mfuniko ukiwa haufungi sawasawa, betri imevimba: gesi imejaa ndani ya seli. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata kwa dakika tano za kuhamisha faili. Usiitoboe, usiibane, usiikunje unapoitoa. Laptopu nyingi huwaka kwa chaja peke yake betri ikiwa nje, kwa hiyo kazi yako haipotei. Betri hiyo iweke ndani ya chombo cha chuma au juu ya saruji, nje ya chumba mnacholala, mbali na jua na watoto, mpaka uipeleke kwa wanaopokea taka za elektroniki. Kamwe isitupwe jalalani wala kwenye moto.

Ikibaki kwamba chaja ni nzima, tundu ni zima, betri mpya imejaribiwa na bado chaji haiingii, tatizo limefika kwenye chipu inayosimamia chaji kwenye mazabodi. Mpelekee fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa moto, umweleze vipimo ulivyofanya na majibu yake, kimoja kimoja. Na kama ni Windows yenye BitLocker, mfumo unaozifunga faili kwa ufunguo wa siri, chukua kwanza ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike pembeni, kwa sababu mazabodi ikibadilishwa, mashine itauomba kabla ya kukufungulia faili zako.